Mwambie Mama Akukande

Mudzipela, Bunia
5 Februari 2024

Yaya Gustave,

Kaka yangu mkubwa, barua hii nampa Fabrice, yule dereva anayeleta sabuni na chumvi Boga, kwa sababu tangu mnara wenu wa simu uharibike nakupigia hadi kidole kinachoka. Umeshakuwa mtu wa kuandikiwa kama padri. Sisi ni wazima. Mama anakusalimia, Joëlle anakusalimia na anasema samaki wa chumvi anaowauza wamepanda bei sokoni, usije ukadhani anatajirika.

Mimi nimeumia. Usishtuke, nimekaa naandika, mkono umelala juu ya meza. Jumamosi asubuhi tulikuwa klabuni kwa Kocha Roger, nimelala kwenye benchi nasukuma vyuma. Unavijua vyuma vyetu, gia za malori na madebe ya saruji. Uzito ule nimeuzoea, si wa kujisifu. Niliushusha mpaka kifuani, nikaanza kuusukuma juu, nikasikia kitu kinachanika karibu na kwapa la kulia, kama kitambaa kipya muuzaji anapokichana. Vijana wote walisikia. Chuma kikaniangukia, wakakiondoa mbio.

Sasa mkono umekuwa zambarau kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko. Kifua upande huo kimejikusanya katikati, na ule ukingo wa mbele wa kwapa, ule unaoushika kwa vidole, haupo tena. Nimeutafuta mbele ya kioo. Upande wa kushoto upo, wa kulia hakuna.

Kocha Roger aliniambia palepale, "Plamedi, enda ku lopitali leo leo, usingoje." Nikamwambia kwetu hata kidonge cha kwinini hakimezwi kabla Yaya Gustave hajasema. Alinuna, lakini ndivyo tulivyo, sivyo? Wewe ndiye muganga wetu, uliyesomea uuguzi. Kwa hiyo niambie nifanye nini, na unijibu haraka. Mashindano ya Kisangani ni mwezi wa sita, Kocha ameshaandika jina langu. Na pale ghalani hawanisubiri, mtu asiyebeba saruji hana kazi. Mkono huu ndio mimi, Yaya. Sina diploma nyingine.

Nikuchekeshe kidogo kabla Fabrice hajaondoka. Kuna mzee anakuja klabuni siku hizi, wanamwita Papa Orly. Analeta mayai na maziwa ya unga, anatushika mabega kama mtu anayenunua ng'ombe. Anasema anatafuta vijana wa kwenda kulinda machimbo ya dhahabu. Aliponifikia akasema, "Weye sasa, vijana kama weye ndio tunatafuta." Nilivyomjibu nitakusimulia tukionana, utacheka mpaka ulie.

Mdogo wako,
Plamedi


Boga
10 Februari 2024

Plamedi mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka sabuni. Nimeisoma mara mbili, nimekaa chini, na sasa nakwambia: tulia. Msuli umevutika. Ni kawaida kwa ninyi watu wa vyuma, mnajipakia kama malori halafu mnashangaa springi ikilia. Hiyo zambarau ni damu ya msuli, itashuka, itakuwa njano, itaondoka. Ule ukingo unaoutafuta kwenye kioo umefichwa na uvimbe.

Hospitali utapewa foleni na vidonge. Achana nayo. Mwambie Mama akukande asubuhi na jioni, kwa maji ya moto na chumvi, na asikuonee huruma. Mji mzima unamletea miguu iliyoteguka na migongo iliyogoma, kwa nini mwanawe aende kutafuta kwingine? Mama mapasa, mwanamke aliyezaa pacha, ana mikono ambayo sisi wa shule hatuna. Mimi mwenyewe natibu watu hapa kwa vitabu, lakini shingo ikinikaza namlilia yeye.

Usibebe chochote. Usirudi klabuni. Huyo kocha wako anajua kuhesabu vyuma, hajui kuhesabu misuli. Baada ya miezi mitatu utakuwa mzima.

Kuhusu mzee wa mayai, nitakuandikia siku nyingine.

Kaka yako akupendaye,
Gustave


Boga
10 Februari 2024

Joëlle dada yangu,

Isome barua hii peke yako, kisha iweke jikoni chini ya sufuria.

Plamedi hakuvutika msuli. Amekatika kano, ile kamba inayofunga msuli wa kifua kwenye mfupa wa mkono. Alivyonielezea, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Kano hiyo haijiungi yenyewe. Inatakiwa daktari wa upasuaji aishone ndani ya wiki hizi chache za mwanzo. Ukichelewa, msuli unajikunja, unashikamana na nyama nyingine, na hakuna tena wa kuuvuta hadi mahali pake. Mkono hautakufa. Atakula nao, ataandika, atambeba mtoto wake siku moja. Lakini vyuma basi, na magunia basi.

Nataka iwe hivyo. Nimeandika neno hilo na sitalifuta.

Amekuambia wewe habari za Papa Orly? Mtu anayepita kushika mabega ya vijana na kuwalisha mayai, unadhani ni shangazi yetu? Mimi nilikuwa ndani ya gari lile njia ya Djugu, Joëlle. Wewe ulisimuliwa tu. Tulishushwa wote na watu wenye bunduki, tukapangwa. Walikuwa wakipita wanatutazama mabega. Zacharie alikuwa na mabega ya Baba, wakamchukua akabebe mizigo yao msituni, na hadi leo hatuna hata kaburi lake. Mimi niliyetoka naye tumbo moja siku moja, mwembamba kama ufagio, walinisukuma pembeni. Wembamba wangu uliniokoa. Sasa Plamedi kila siku anajitengenezea mabega makubwa kuliko ya Zacharie, na watu wameshaanza kuyaulizia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Akisema anataka hospitali, mwambie daktari wa upasuaji amekwenda likizo. Anakuamini. Mpe chai, mpe maneno mazuri, siku zipite. Na Mama asijue. Mwache akande. Mama hawezi kuficha kitu, uso wake ni dirisha.

Nakutegemea,
Gustave


Mudzipela
26 Februari 2024

Yaya Gustave,

Nakanda, nakandwa, nimekandika. Mama ananiamsha na beseni la maji ya moto kabla hata jogoo wa jirani hajakohoa. Ananikanda akiimba ule wimbo wa mapasa, ule wenye matusi, na Joëlle anaziba masikio. Mama anasema bila matusi mwili hausikii. Na ukimaliza kukandwa huruhusiwi kusema asante, ukisema asante maumivu yanarudi. Basi nang'ata meno na kunyamaza. Inauma, Yaya. Sijui kama inatakiwa kuuma hivi. Mama naye mara nyingine anasimama katikati, anaweka kidole kwapani, anakata wimbo, halafu anaendelea.

Zambarau imeondoka kama ulivyosema. Uvimbe umekwisha. Lakini ule ukingo haujarudi, na nikikaza mikono miwili pamoja, kifua cha kulia kinaruka upande wake kama samaki. Nilikuwa nikimpa Joëlle ndoo ya maji, mkono ukakataa, tukalowa wote. Tulicheka siku hiyo.

Kocha Roger alikuja nyumbani. Mbele ya Mama akasema, "Mama, heshima yako, lakini hii haiko ya kukanda. Hii imekatika. Mutoto apelekwe kwa daktari." Mama aliumia sana. Mimi nikamkasirikia. Nikamwambia ndugu yangu amesoma uuguzi miaka minne, yeye amesomea wapi? Nikamwambia asikanyage tena kwetu. Aliondoka bila kuchukua kofia yake. Baadaye nilijaribu kumuuliza Joëlle kama nipite hospitali mara moja tu kuangaliwa, akasema daktari wa upasuaji yuko likizo Kampala na haijulikani atarudi lini. Kwa hiyo nimekaa na maneno yako.

Jina langu la Kisangani Kocha atalifuta, najua. Haidhuru. Damu ni nzito kuliko maji. Wewe ukisema miezi mitatu, ni miezi mitatu.

Plamedi


Mudzipela
15 Machi 2024

Yaya Gustave,

Naandika sokoni juu ya boksi la samaki, samahani kwa harufu.

Nimefanya ulivyosema. Nimesema uongo na Plamedi ameumeza bila kutafuna, na hilo ndilo linalonichoma. Kama angebisha ningepata nguvu. Yeye ananitazama anasema, "Sawa, Yaya Joëlle." Ghalani wamemwondoa. Anakaa mlangoni anafungua na kufunga kiganja, akiona mtu anaficha.

Mama ameanza kuuliza. Jana aliniita, akaniambia, "Joëlle, nakanda mutoto, lakini ni sawa nakanda nguo yenye mutu haiko ndani." Nilikimbia nje nikasema nimeacha ugali motoni. Hatukuwa tumepika ugali.

Yaya, na mimi namwogopa yule Papa Orly. Simlaumu mtu anayeogopa. Lakini tumemfanya mdogo wetu kilema bila kumwambia, na tunamtazama akisubiri kupona. Labda muda wa kushonwa bado haujapita? Niruhusu nimpeleke. Daktari yupo, hajawahi kwenda popote, ni yule Dokta Émilienne. Sema neno moja tu na nitampeleka kesho.

Joëlle


Boga
21 Machi 2024

Joëlle,

Subiri Pasaka ipite. Umeshafanya sehemu ngumu, usianguke mlangoni. Kilema anaoa, anazaa, anazeeka. Zacharie hakuzeeka.

Choma barua zangu.

Gustave


Mudzipela
22 Aprili 2024

Gustave,

Kuanzia leo sitakuita yaya. Yaya ni mtu.

Kocha Roger alirudi. Nilimfukuza na bado alirudi, alikuja kuchukua kofia yake. Aliniona navaa shati kwa mkono mmoja, akaniuliza daktari alisemaje. Nikamwambia daktari yuko likizo. Akanitazama. "Daktari gani iko likizo? Dokta Émilienne alipasua bibi yangu juzi, miye nilikuwa pale." Nikaacha shati nusu. Akanipandisha kwenye pikipiki mpaka hospitali.

Dokta Émilienne alinishika kwapa kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kabla hajawasha hata mashine. Kisha akanionyesha kwenye kioo cha mashine: msuli ulipo, mfupa ulipo, na katikati hakuna kitu. Akasema wiki zile za mwanzo ilikuwa kazi ya asubuhi moja, wangeshona, ningevaa kitambaa shingoni, mwisho wa mwaka ningekuwa nanyanyua tena. Sasa umejikunja na kugandama. Wapo wanaojaribu kuweka kano ya mahali pengine, huko mbali, na hata hao hawaahidi. Akauliza kwa nini nilikaa. Nikasema nilikuwa nakandwa na maji ya moto. Aliweka mikono kichwani. Maji ya moto na kukandwa juu ya msuli uliokatika, akasema, ni kumwaga mafuta kwenye moto.

Nikakutetea, Gustave. Nataka ulijue hilo. Nikamwambia kaka yangu ni muuguzi wa Boga, hakuuona mkono, ameniandikia kwa mbali, amekosea kama binadamu. Akauliza jina. Nilipolitaja, akavua miwani. "Gustave? Gustave mwembamba, wa Djugu? Huyo alifanya mafunzo kwangu." Akasimulia kwamba mwaka ule walimpokea mchimba dhahabu aliyekatika palepale nilipokatika mimi, kwamba ni wewe ulishika mkono wa yule mtu wakati yeye anashona, na kwamba ulimuuliza maswali mpaka akakuomba unyamaze. "Hiyo anaijua," akasema. "Hawezi kuikosea hiyo."

Kocha Roger alikuwa amesimama karibu na mlango. Alisikia yote. Hakusema, "Nilikwambia." Ningependa angesema.

Nilienda moja kwa moja sokoni kwa Joëlle. Sikumuuliza mara mbili. Alianza kulia kabla sijamaliza, akanieleza vyote, gari la Djugu, mabega, Papa Orly, likizo ya daktari, Pasaka. Wateja walituzunguka wakidhani kuna msiba. Waliona vizuri.

Sasa nikusimulie kile nilichosema utacheka. Papa Orly aliponiambia ananitafuta, nilimrudishia mayai yake. Nilimwambia, Papa, mabega haya Mama aliyalisha kwa mihogo ya kuomba kambini, hayaendi kulinda shimo la mtu yeyote. Nikamtia mayai mfukoni mwa koti, moja likavunjika, ute ukashuka hadi kwenye kiatu, na klabu nzima ikalala chini kwa kicheko. Hakunifuata tena. Hiyo ilikuwa wiki nzima kabla sijaumia. Barua yangu ilikuwa inangoja uniulize, ulimjibu nini? Neno moja. Uliandika, nitakuandikia siku nyingine, halafu ukageuza karatasi ukaandika kwa Joëlle.

Niliposikia watu wakisema kikulacho ki nguoni mwako, nilidhani wanazungumzia chawa.

Lakini aliyeumia zaidi hapa si mimi. Sikiliza habari ya Mama. Wiki iliyopita Mama Fifi alileta mtoto aliyeteguka kifundo. Mama hakutoka. Alisema kutoka ndani, "Mupeleke mahali pengine. Mikono yangu imekufa. Kama haiponeshe Plamedi, itaponesha nani? Zacharie ameenda nayo." Tangu hapo harudishi watu kwa upole tena, anafunga mlango. Amekuwa akijiuliza ni dhambi gani alifanya. Anasali akiwa ameikunja mikono ndani ya kitenge ili asiione. Hiyo ndiyo kazi uliyomfanyisha. Umemtumia kunivunja, na ukamwacha adhani amevunjika yeye.

Njoo Bunia umwambie. Wewe, kwa mdomo wako. Usiponijibu kwamba unakuja, nitamwambia mimi.

Plamedi


Boga
30 Aprili 2024

Plamedi,

Usiniite yaya, sawa. Niite muongo, nimelistahili. Lakini unaniandikia matusi, na maiti haziandiki. Hilo nililitaka na nimelipata.

Unasema ningekuuliza. Ningekuuliza, na ungeniambia ulimrudishia mtu mayai yake, na vijana walicheka. Zacharie naye alikataa, Plamedi. Hujawahi kuambiwa hivyo kwa sababu hakuna wa kwetu aliyekuwepo ila mimi. Alisema hapana, kwa adabu, akawaita papa. Alisema ana mama. Walimpa mzigo akasema hapana mara ya pili, na sikuandikii kilichofuata. Watu wale hawaji kuuliza mabega yako yanasemaje. Wanakuja kuyachukua. Nilipoisoma barua yako ya kwanza, sikumuona Papa Orly wala mayai. Nilituona tumepangwa tena kando ya barabara, na safari hii nikasema hapana, huyu hawatamchagua.

Najua nilichokiharibu. Nimeshika mkono wa yule mchimba dhahabu, kama alivyokwambia Dokta. Nilijua kila siku inayopita inakwenda na nini. Nilikuwa nikiamka nahesabu, nikifika kazini nawafunga wengine majeraha vizuri kabisa. Nimekosa usingizi na bado ningerudia. Ukitaka nilie, nalia. Ukitaka nijute, nipe kwanza kaka mwingine wa kupoteza.

Mama usimwambie. Nakuomba hilo tu. Ataanza kukanda tena, mpe muda, mikono ya Mama haikai bure. Ukimwambia atapoteza mtoto wa pili, na huyo nitakuwa mimi. Kuja siwezi, njia imefungwa tangu Jumapili, Fabrice mwenyewe anapita kwa kuvizia.

Gustave


Mudzipela
12 Mei 2024

Gustave, mutoto yangu,

Ni miye Mama yako. Plamedi ndiye anaandika, nimemukataza kuongeza neno na nimemukataza kupunguza. Nimemwambia, andika vile nasema, hata kama nasema mubaya.

Ameniambia yote. Aliniambia Jumapili yenye ilipita, kisha misa, tukiwa tunachambua maharagi. Nilichambua mpaka ikaisha, kisha nikachambua tena mara ya pili ile yenye ilikuwa safi.

Nilikuwa nasikia, Gustave. Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naweka kidole pale chini ya kwapa na nasikia hakuna kitu. Kamba haiko pale. Nimekanda watu tangu muko wadogo, najua mwili iko namna gani. Mikono ilikuwa inaniambia, Mama, acha, hii haiko kazi yetu. Na miye nikasema, Gustave amesoma, Gustave anajua, na nikaongeza nguvu. Kumbe mikono yangu haikukufa. Ilikuwa inasema kweli, miye nikaiziba mudomo sababu yako. Kesho yake nimemuita Mama Fifi, nimemukanda mutoto wake, kifundo ilikuwa ingali inauma. Amepona.

Uliniingiza mu kazi ya kuharibu mutoto yangu, na uliniacha naimba. Ile wimbo nilikuwa naimbia weye na Zacharie. Nakasirika sana. Ukikuja hapa, sitakupa chakula siku ya kwanza, nakuambia mapema usishangae. Siku ya pili tutaona.

Sasa nasema kitu ingine, na Plamedi asitupe kalamu. Nimewaza siku hizi zote. Nimejiuliza, kama Gustave angekuja, angekaa hapa mbele yangu, angesema, Mama, uchague, mukono ao mutoto. Ningesema mukono. Nasema kweli, niko muzee, sina wakati ya kusema bongo ao kudanganya. Ningemukanda vilevile, na maji ya moto vilevile, na ningeimba kusudi asijue. Kosa yako, Gustave, ni kwamba ulinificha. Kwa ile ingine siwezi kukuhukumu, sababu na miye ningefanya.

Kula vizuri. Weye uko mwembamba sana.

Mama


Hayo ni maneno yake, nimeyaandika yote kama alivyosema.

Nilipomrudia Dokta Émilienne nilimwambia mtu mmoja tu ndani ya nyumba hii hakunisaliti, Mama. Nilisema hivyo nikiwa na fahari. Nilipofika mahali pa mkono au mtoto kalamu ilisimama, na Mama akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti, polepole, neno kwa neno, ili niandike vizuri. Kisha akanishika bega hilihili akaniuliza kama linauma.

Kesho nahamia kwa Kocha Roger. Ana chumba nyuma ya klabu, nitakuwa nikiwahesabia vijana vyuma. Joëlle anajua. Mama nitamwambia baada ya chai.

Sasa ananiuliza kama nimeandika yote. Nimemwambia ndiyo.

Plamedi